Mtungi wa mtumba, koki ya babu na kompresa ya petroli: maswali yenu kuhusu vifaa vya kuzamia

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa vijana wa Nungwi, Matemwe na Mkoani wanaofanya kazi na wazamiaji (wa chini ya maji, si wale wa kuzamia meli) na ambao sasa wanataka vifaa vyao wenyewe. Vifaa vinavyopatikana ni vya mkono wa pili: kituo cha kuzamia kimefungwa na kinauza vitu vyake, mgeni anarudi kwao hataki kubeba mzigo, au marehemu ameacha kitu stoo. Tumejibu tuliyoona yana hatari zaidi kwa urefu, na mengine kwa kifupi.

Assalaam alaykum. Kuna mtu Mkokotoni anauza mitungi miwili ya aluminiamu ya lita 11. Anasema haina kutu hata chembe, na kweli inang'aa kama mipya. Nikague nini kabla sijatoa pesa? (Msomaji, Nungwi)

Waalaykum salaam. Huko kung'aa ndiko kwa kutilia shaka kwanza. Muulize rangi ilipigwa vipi. Ya kupuliza au ya brashi haina neno, ila inaweza kuficha mashimo, kwa hiyo pitisha vidole mtungi mzima, hasa kitako na pale mkanda wa jaketi la kuelea unapobana. Rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri ni jambo jingine. Aluminiamu ya mtungi ikipata joto la zaidi ya nyuzi 177 hivi inalegea, na kwa macho hutaona tofauti yoyote. Mtungi uliookwa, au uliopitiwa na moto wa banda, usiununue hata kwa bei ya bure.

Na hilo la kutokuwa na kutu lisikutulize. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu, inatoa unga mweupe na vishimo. Ukiona unga huo shingoni au ndani, ujue maji ya bahari yameingia.

Sasa soma maandishi yaliyogongwa begani, maana hapo ndipo umri wa mtungi ulipo. Wa Kimarekani utakuta 3AL3000, yaani presha ya kazi ya psi 3000, sawa na bar 207 (vyote ni vipimo vya presha), kisha mwezi na mwaka wa kipimo cha kwanza na vilivyofuata. Wa Ulaya una presha ya kazi, presha ya kupimia, ujazo kwa lita na uzito mtupu. Mwaka wa kwanza ndio wa kuangalia. Kampuni ya mitungi ya Luxfer, Marekani, ilitumia aina ya aluminiamu iitwayo 6351 hadi 1988, na viwanda vyake vya Uingereza na Australia viliendelea nayo hadi miaka ya 1990. Aina hiyo, ikikaa na presha miaka mingi, inaweza kufanya ufa shingoni polepole kutoka ndani. Iliyopasuka ilipasuka mara nyingi wakati wa kujazwa, mtu akiwa amesimama pembeni. Catalina, kampuni nyingine ya mitungi, haikutumia aina hiyo. Wao tangu mwanzo ni 6061. Mtungi wa 6351 unaweza kukaguliwa shingo kwa chombo maalumu cha umeme kinachosoma nyufa, lakini kwa mnunuzi wa Unguja shauri letu ni kuuacha. Vituo vingi havikubali kuujaza. Ukitolewa koki na kukatwa kitako unafaa kuwa kengele ya skuli, na sauti yake ni nzuri kuliko ringi ya gari.

Baada ya mwaka, tazama kipimo cha mwisho cha maji. Kawaida ya Marekani na Uingereza ni kila miaka 5, na ndani uangaliwe mara nyingi zaidi, kila mwaka kwa desturi ya vituo. Katika kipimo hicho mtungi hujazwa maji, si hewa, na kupandishwa hadi bar 345 kwa huo wa bar 207. Unatanuka, kisha presha inatolewa. Kiasi kinachobaki bila kurudi kikizidi sehemu 10 kwa 100 ya kutanuka kote, mtungi umekufa. Kipimo kikiwa kimepita muda, bei unayotajiwa si bei kamili: ongeza kipimo, nauli ya kuupeleka na kuurudisha, na uwezekano wa kurudishiwa chuma chakavu. Mwambie muuzaji aupime yeye kwanza. Akikataa, umeshapata jibu.

Kisha fungua koki kidogo. Mtungi uliotunzwa hubakishwa na hewa kidogo, bar 10 au 20, ili unyevu usiingie. Ukitoa ukimya, au maji, mwite fundi aung'oe koki mmulike ndani kwa taa. Hapo hapo akague uzi. Kuna koki za uzi wa inchi ¾ na za M25×2, na ya M25 inaweza kuingia kwenye shingo ya inchi ¾ ikaonekana imekaa, kumbe imeshika vibaya. Ikijazwa inatoka kama risasi. Alama ya uzi imegongwa kwenye koki na begani. Zisipofanana, au moja haisomeki, usiujaze.

Jambo la mwisho, na pengine ungelianza nalo: piga picha maandishi ya begani uipeleke kituo unachotarajia kujazia. Mwenye kompresa ndiye mwenye neno la mwisho. Mwulize pia kama paipu yake ya kujazia ni ya kubana kwa kitanzi au ya kuskrubu, iitwayo DIN, usije ukanunua koki isiyoingiliana nayo.

Marehemu babu yetu ameacha mtungi wa chuma wenye kijiwaya kirefu kinachoshuka ubavuni kutoka kwenye koki. Waya huo ni wa nini, na mtungi unafaa bado? (Msomaji, Wete)

Hiyo ni koki ya akiba. Ilitumika zamani, kabla geji ya presha haijawa kitu cha kila mzamiaji. Ndani yake kuna springi inayofunga hewa presha ikishuka hadi kati ya bar 20 na 35. Mzamiaji anahisi hewa inakuwa nzito, anavuta waya chini, na kile kilichobaki kinaachiwa.

Hesabu ya kilichobaki ndiyo inayotufanya tusiiamini peke yake. Bar 30 kwenye mtungi wa lita 12 ni lita 360. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atavuta 60 akiwa mita 20, kwenye presha mara tatu, kwa hiyo ana dakika 6. Akitishika anavuta mara mbili, zinabaki 3, na safari ya juu bado. Halafu waya hunasa kwenye kamba au tumbawe ukashuka wenyewe bila habari. Siku hiyo akiba imeshatumika na wewe bado unaisubiri. Ukiitumia koki hii, itumie na geji, na waya uwe chini tangu mwanzo. Hata wakati wa kujaza uwe chini. Ukiwa juu mtungi haujai sawasawa.

Mtungi wenyewe una maisha kama kuta zake nzima. Chuma kikitunzwa kinaishi kuliko aluminiamu, na hakielei kikiisha hewa. Lakini angalia mambo matatu. Mingi ya Kimarekani ya enzi hizo imegongwa 3AA2250, yaani bar 155, si 200; mjazaji asiyesoma begani ataupitisha. Mingine ilipakwa ndani rangi ya kuzuia kutu, nayo ikibanduka kutu hukaa chini yake isionekane. Na uzito: kama wa mtupu umegongwa begani, upime mizani ukiwa hauna hewa wala koki. Ukipungua zaidi ya sehemu 5 kwa 100, kutu imeshakula ukuta.

Shikamooni. Nimepewa regyuleta ya zamani kwa bei nafuu, imekaa ndani ya begi miaka mingi. Mwenyewe anasema ilikuwa inafanya kazi vizuri siku ya mwisho. Naweza kuipima bila vifaa vya fundi? (Msomaji, Jambiani)

Marahaba. Siku ya mwisho ilikuwa nzima, ndiyo, lakini regyuleta, kifaa kinachotoa hewa ya mtungi hadi mdomoni, huharibika zaidi begini kuliko baharini. Mpira unakauka, chumvi inaganda, na kile kipande laini cha sehemu ya mdomoni kinachoziba hewa kinabonyea mahali pamoja miaka yote hiyo. Bila kifaa chochote unaweza kujua mengi.

Anza ikiwa kavu. Funga kile kifuniko cha vumbi barabara kwenye sehemu ya kwanza, ile inayoshika mtungi, kisha tia sehemu ya mdomoni na uvute hewa taratibu. Usipate kitu. Ukipata hewa hata kidogo kuna tundu: kiwambo kimechanika, vali ndogo ya mpira ya kutolea pumzi haikai sawa, au mpira wa mdomo umepasuka chini ya kile kikanda cha plastiki. Hilo la mwisho ndilo la kawaida na la bei ndogo. Tundu hilo hilo chini ya maji litakupa maji badala ya hewa.

Fungua kifuniko utazame chujio, kile kiduara cha chembechembe mahali hewa inapoingilia. Kikiwa na rangi ya kijani, maji ya chumvi yameingia na shaba ndani imeliwa. Kahawia au nyekundu ni kutu iliyotoka kwenye mtungi wa chuma. Nyeusi ni mafuta au mkaa wa kompresa. Cha kijivu safi ndicho unachokitaka. Kijani si hukumu ya kifo, ila ukikiona ujue lazima ifunguliwe yote.

Paipu zikunje karibu na ncha zake, na vile vipira vya kinga uvisogeze uone chini. Nyufa hujificha hapo. Watengenezaji wengi wanataka paipu zibadilishwe kila miaka 5, nasi kwenye kifaa cha mtumba tungezibadilisha zote bila kubishana. Jihadhari pia na paipu za kusukwa za mtindo mpya: baadhi, kwenye nchi za joto, bomba lao la ndani limeganda vipande na kuziba hewa huku nje zikionekana nzima.

Halafu jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye baadhi ya regyuleta za zamani, tundu la geji ya presha kubwa lina kipenyo kile kile cha matundu ya presha ndogo, inchi 3/8. Siku hizi la presha kubwa ni 7/16 ili mtu asikosee. Kwa hizo za zamani, paipu ya jaketi inaingia bila tabu kwenye bar 200, nayo imetengenezwa kwa bar 10. Itapasuka mkononi mwako. Tafuta herufi HP (presha kubwa) pembeni mwa tundu kabla hujafunga chochote.

Sasa ifunge kwenye mtungi uliojaa. Geuza kioo cha geji kisikuelekee wewe wala mwenzako, fungua koki taratibu, sikiliza. Vuta pumzi mara kumi. Kisha iache robo saa, koki ikiwa wazi, usiiguse. Ikianza kutoa mlio mdogo wa *ssss* baada ya dakika kadhaa, presha ya kati, ile ya ndani ya paipu baina ya sehemu ya kwanza na ya mdomoni, inapanda. Inatakiwa itulie mahali pamoja, kama bar 9 au 10. Ikipanda, siti ya sehemu ya kwanza, kipande kinachoziba hewa, imechoka. Fundi ataiona kwa geji ndogo inayochomekwa kwenye paipu ya jaketi. Ikitoa mlio tangu dakika ya kwanza na haizidi, kosa huenda liko sehemu ya mdomoni. Funga koki, usivute hewa, tazama mshale wa geji dakika 5. Ukishuka, zamisha yote kwenye ndoo ufuate povu. Povu dogo pale geji inapozunguka ni oringi (pete za mpira) mbili ndogo, kazi ya dakika kumi. Povu kutoka kwenye vitundu vya sehemu ya kwanza yenyewe ni kazi ya fundi.

Ikipita yote hayo bado inahitaji huduma kamili kabla ya kuzama nayo: ifunguliwe, shaba ilowekwe dakika 5 hadi 10 kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji moto nusu kwa nusu (isizidi, siki hula kromu), isuuzwe, oringi na siti zote ziwe mpya, kisha ipimwe. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya bei ni: vipuri vyake vipo? Scubapro Mk5 na Mk10, na Conshelf ya U.S. Divers, ni za zamani lakini zina sehemu chache na vipuri vyake bado vinapatikana kwa kuagiza. Ya kampuni iliyokufa, hata ikiwa mpya ndani ya boksi, ni pambo la sebuleni.

Grisi iwe ya silikoni. Si ya gari, si Vaseline, si mafuta ya nazi. Mafuta hayo mengine hulainisha mpira hadi ukavimba.

Jaketi la kuelea linavuja polepole. Litupwe? (Msomaji, Kendwa)

Hapana, mpaka ujue linavuja wapi. Lijaze hadi vali ya usalama itoe hewa, lipake povu la sabuni kwenye vali zote na mishono, kisha liache usiku kucha. Vali ya kutolea hewa ikivuja, ifungue: aghalabu ni chembe ya mchanga au chumvi. Mshono ukivuja mahali pamoja gundi ya wetisuti (nguo ya mpira ya kuzamia) inatosha. Ukivuja mahali patatu kitambaa kimeoza.

Kinachotisha zaidi ni kitufe cha kujazia kinachonasa. Jaketi linajijaza lenyewe, nawe unapanda juu usivyotaka. Kibonyeze mara ishirini mfululizo ukiwa nchi kavu. Kikisita hata mara moja, kifunguliwe. Na jifunze kuchomoa ile paipu kwa mkono mmoja ukiwa umefumba macho.

Suuza hata ndani: mimina lita mbili za maji matamu, tikisa, mwaga kupitia kona ya chini. Tunasema matamu kwa makusudi. Visima vingi vya uwandani, upande wa mashariki, vina maji ya munyu, na kusuuzia maji ya munyu ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Kinga maji ya mvua, usuuzie hayo.

Kompyuta ya kuzamia ya miaka ya 1990, ninunue? (Msomaji, Mkoani)

Kompyuta hiyo husoma kina na kuhesabu muda wako chini. Kama betri yake hubadilishwa kiwandani tu, hapana. Kama unaibadilisha mwenyewe, ifunge kwenye kamba yenye alama kila mita 5, ishushe, uone inasoma nini. Ikikosea kina, hesabu zake zote zimekosea. Maski, mapezi na wetisuti za mtumba nunua bila hofu. Kwa joto la maji yetu, nyuzi 25 wakati wa kusi na hadi 29 wakati wa kaskazi, milimita 3 zinatosha, ijapokuwa wetisuti kuukuu hubanwa ikawa nyembamba na haikupi joto iliyoandikiwa.

Sisi ni vijana watatu. Tumepata kompresa ya kuzamia ya petroli, na mwenzetu anasema hata ile ya kupulizia rangi inatosha kwa mita 10 ukiunganisha paipu ndefu. Nini maoni yenu? (Msomaji, Makangale)

Ya kupulizia rangi, hapana, hata mita 3. Inapaka mafuta ya injini ndani ya hewa na haina chujio la kuyaondoa. Ikizimika, mtu wa chini hana akiba, anakimbilia juu ameshika pumzi, na hewa ya mapafuni inaongezeka maradufu kutoka mita 10 hadi juu. Mapafu hupasuka.

Ya petroli iliyotengenezwa kwa kuzamia inafaa, kwa sharti mjue adui yake ni moshi wake wenyewe. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Kawaida ya Ulaya ya hewa ya kuvuta, EN 12021, inaruhusu sehemu 5 tu kwa milioni, kwa sababu kina huizidisha: sehemu 20 zinazovumilika juu ya maji, mita 30 zinafanya kazi ya 80. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, na rafiki zake wanadhani ni mawimbi.

Mdomo wa kuvutia hewa uwe juu na mbali na bomba la moshi, upande upepo unakotoka. Na hapa wengi husahau. Banda lililopangwa vizuri wakati wa kusi linakuwa sumu kaskazi ikiingia, maana upepo umegeuka na moshi sasa unaelekea kwenye mdomo. Wekeni paipu ndefu inayoweza kuhamishwa, na kila mkiwasha, angalieni moshi unakwenda wapi. Asipike mtu wala asiegeshe bodaboda karibu.

Mafuta ya kompresa yawe yale ya hewa ya kuvuta, si ya gari. Maji yatolewe kwenye vitenganishi kila dakika 10 hadi 15. Chujio lina saa zake zilizoandikwa kwenye kitabu, lakini saa hizo ni za nchi za baridi; kwenye joto la Pemba linachoka mapema zaidi, kwa hiyo lipunguzieni muda. Kwa kompresa ya mtumba, chujio la kwanza libadilishwe siku hiyo hiyo mliyonunua, hata muuzaji aape. Na mtungi usiache kwenye jua baada ya kujaza: bar 200 kwa nyuzi 27 zinakuwa 222 kwa nyuzi 60.

Nimeshanunua, nimeshafanyia huduma. Nijaribie wapi mara ya kwanza? (Msomaji, Chake Chake)

Popote penye mchanga chini na mita zisizozidi 5. Si Misali wala ukingo wa mkondo: pale ukuta unashuka moja kwa moja, na jaketi likigoma hakuna sakafu ya kukushika. Nenda na mzamiaji mwenye cheti na vifaa alivyovizoea, akiwa na sehemu ya mdomoni ya akiba ya kukupa.

Chini, geuza regyuleta kila upande uone kama inaingiza maji. Itoe mdomoni, uielekeze juu: ikimwaga hewa kwa nguvu ni kawaida yake, igeuze chini itanyamaza. Isiponyamaza, toka. Kaa dakika 20, kisha pima uzito wa risasi unazovaa mwishoni, mtungi ukiwa na bar 50, si mwanzoni. Mtungi wa aluminiamu wa lita 11 ukijaa unabeba kama kilo 2.7 za hewa, na hiyo ikitoka, mtungi ule ule uliokuwa unazama unaanza kuelea. Ukiona huwezi kutulia mita 3, ongeza kilo 1, ujaribu tena, hadi utulie.